Kompyuta Haikukosea

Mtu aliyetumia maisha yake kufundisha walimu hupewa ruhusa ya kuzungumza juu ya chaki, juu ya utoro wa wanafunzi, na juu ya kuporomoka kwa maadili. Akianza kuzungumza juu ya kompyuta, watoto wake hutazamana. Wangu nimewaona wakitazamana mara nyingi, na nimewasamehe. Hata hivyo naomba nafasi ya kurasa chache nieleze ni programu zipi za kompyuta ninazozipenda, zipi sizipendi, na kwa sababu gani. Mwishoni nitasema jambo ambalo nilipaswa kulisema mwaka 2006, nami sikulisema.

Kompyuta yangu ni ya mezani. Imekaa pembeni mwa chumba cha kulia, imefunikwa kitambaa alichofuma mke wangu ili kuzuia vumbi. Umeme ukikatika huzimika palepale, na kazi ambayo sikuihifadhi hupotea, jambo ambalo limenifundisha kuhifadhi kila baada ya aya. Kazi zangu si kubwa. Ninaandika barua za ushirika wetu, ninatunza hesabu za chama cha kuzikana cha mtaani, ninapiga risala za harusi ninapoombwa, ninaorodhesha majina ya ukoo kabla wazee wanaoyakumbuka hawajatutoka, na sasa ninaandika kitabu hiki. Kwa hiyo nitakayoyasema ni maoni ya mtu wa kazi ndogondogo za kila siku. Mhandisi atakuwa na yake.

Tulipokuwa tukiwafundisha wanachuo kusahihisha insha, tuliwakataza kutoa alama kwa kupendezwa tu. Tuliwaambia waandike vigezo kwanza. Nami nimejiwekea vitatu. Kwanza, je, programu inafanya kazi niliyoitaka bila kuniongezea nisiyoitaka? Pili, je, inanionyesha ilichokifanya, au inafanya kwa siri? Tatu, nikikosea, je, naweza kurudi nyuma; na kama siwezi, je, nitajua ni nani aliyekosea? Kigezo cha tatu ndicho kilichonigharimu zaidi, nacho ndicho nitakachokirudia.

Kabla ya kuzitaja programu zenyewe, nikumbushe historia kidogo. Vijana wengi hawaamini wakiambiwa kwamba mwaka 1974 serikali yetu ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Hazina ilikuwa imekwisha kuwa na kompyuta tangu miaka ya 1960, na hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye mashine zikavurugika. Marufuku hayo yalikuja kulegezwa na kuondolewa baadaye, na katika miaka ya 1990 kompyuta zikaanza kuonekana katika ofisi za kawaida. Mimi wakati wa marufuku nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, sikuwa na habari na mashine hizo. Lakini nakumbuka jinsi watu wazima walivyozungumza. Walisema kompyuta imevuruga hesabu. Sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza ni nani aliyeiambia kompyuta nini. Tangu mwanzo, basi, tulimpata mtumishi wa kubebeshwa makosa, asiyeweza kujitetea.

Programu ya kwanza niliyojifunza ilikuwa WordPerfect, toleo la 5.1, lililotoka mwaka 1989. Nilikutana nayo katika semina ya wakuu wa vyuo miaka kadhaa baadaye. Wale walioiona watakumbuka kioo cha buluu na herufi nyeupe. Hapakuwa na picha za kubonyeza. Kulikuwa na vitufe vya F vilivyopangwa juu ya kibodi, na kipande cha karatasi ngumu kilichowekwa hapo ili kukuambia kila kitufe kina kazi gani. Tulilalamika sana. Mwenzangu mmoja alisema kwamba kukariri vitufe hivyo kulimshinda kuliko kukariri ngeli zote za Kiswahili.

Lakini programu ile ilikuwa na sifa moja ambayo mpaka leo sijaiona ikizidiwa. Ulikuwapo uwezo wa kuigawa kioo sehemu mbili. Juu uliona barua yako kama kawaida, na chini uliona barua ileile pamoja na alama zote zilizofichika: hapa wino mzito umeanza, hapa umekoma, hapa pembizo imesogezwa. Ikiwa aya ilikataa kunyooka, hukuhangaika kubahatisha. Ulifungua sehemu ile ya chini ukaiona sababu imekaa palepale, ukaifuta. Ilikuwa kama mwanafunzi anayekuonyesha njia ya hesabu yake na siyo jibu tu. Kwa kigezo cha pili WordPerfect ninaipa alama zote.

Baadaye ikaja zama ya Windows, na Microsoft Word ikashika ofisi zote. Word yenyewe ni ya tangu mwaka 1983, ila ilitawala huku kwetu pale kipanya kilipochukua nafasi ya vitufe. Nitaitendea haki. Ilimwondolea mwalimu hofu. Karatasi uliyoiona kwenye kioo ilifanana na karatasi iliyotoka kwenye printa. Mtu aliyekuwa amezoea stensili, aliyekuwa akifuta kosa kwa rangi nyekundu yenye harufu kali na kusubiri ikauke, aliona kama amefunguliwa kamba. Jedwali lilichorwa kwa dakika moja. Mtihani wa mwaka jana ulifunguliwa, ukabadilishwa maswali, ukawa wa mwaka huu, jambo ambalo lilikuwa na faida na hatari yake.

Ninachowalaumu watengenezaji wa programu za kuandikia za siku hizi, wote kwa jumla, ni kujifanya wanajua kuliko mwandishi. Zikiachwa kama zilivyotoka kwao, programu hizi husahihisha bila kuulizwa. Ukiandika "taz." na kuacha nafasi, neno linalofuata hupewa herufi kubwa, kwani mashine imeona nukta ikadhani sentensi imekwisha. Ukipanga majibu ya swali la kuchagua katika mstari mmoja, (a), (b), (c), (d), herufi c iliyo katika mabano hugeuka kuwa alama ya hakimiliki. Nimewahi kugawa mtihani ambao jibu la tatu la kila swali lilikuwa alama hiyo ya duara. Mwanachuo mmoja aliinua mkono akauliza kwa adabu kama jibu hilo limehifadhiwa na mwenyewe. Darasa likacheka, nami nikacheka nao, ila baadaye nilikaa nikajiuliza ni mara ngapi mashine imebadilisha maneno yangu nami sikuona.

Na kuna ile mistari myekundu. Ukiandika Kiswahili katika programu isiyokijua, ukurasa mzima hupigwa mistari myekundu chini, kama daftari la mtoto aliyefeli. Jambo hili si la kupuuza. Mwalimu anajua wino mwekundu unavyomfanya mwanafunzi ajione. Nimewaona vijana waliohitimu vizuri wakiacha neno zuri la Kiswahili na kuweka jingine, kwa sababu tu mashine ilipiga mstari chini ya lile la kwanza. Visahihisha tahajia vya Kiswahili vimekwisha kutengenezwa, na vinasaidia, lakini kazi yao ni ngumu kuliko wengi wanavyofikiri. Kiingereza kinaweza kuorodheshwa neno kwa neno. Kitenzi chetu hakiorodheshiki kwa urahisi. Chukua andika: nimekuandikia, hatukuandikiana, asingeandikishwa, mtakayoandikiwa. Kiambishi kikibadilika hapa na mnyambuliko pale, mzizi mmoja huzaa maelfu ya maneno sahihi. Kisahihisho kinachotegemea orodha tu kitaziona nyingi kati ya hizo kuwa ni makosa. Ushauri wangu kwa walimu ni mmoja: izimeni mistari hiyo mnapoandika Kiswahili, kisha someni kazi yenu kwa sauti. Sikio bado ni msahihishaji bora.

Siku hizi ninaandikia LibreOffice, na nitaeleza nilivyofika huko, ingawa maelezo yenyewe hayanipambi. Kwa miaka kadhaa programu ya kuandikia niliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa nakala ya kuiba. Niliinunua kwenye kibanda kwa bei ya soda tatu, ikiwa kwenye diski iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Wakati huohuo nilikuwa ninawafukuza chuoni watu walioingia na majibu mfukoni katika chumba cha mtihani. Nilijitetea moyoni kwamba bei halali haikuwa ya mshahara wa mwalimu, na hiyo ilikuwa kweli. Mwanachuo aliyeingia na majibu mfukoni naye alikuwa na sababu zake za kweli, nami sikuzisikiliza.

Kumbe njia ya halali ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi inayoongea Kiswahili, iliyojengwa juu ya OpenOffice.org na kutolewa bure. Menyu zake zilisomeka kwa lugha ambayo mhudumu wa ofisi aliielewa bila kozi. Sikuijua mpaka ilipopita miaka. Mwaka 2010 baadhi ya waliokuwa wakiitengeneza OpenOffice walijitenga wakaanzisha LibreOffice, nayo ndiyo ninayoitumia. Ni bure, na ni halali kuinakili na kumpa jirani. Ina kasoro. Hati iliyopambwa sana katika Word inaweza kufunguka humo ikiwa na mistari iliyohama, na mara nyingine huchelewa kuamka asubuhi kama mimi. Lakini ninapompa mjukuu wangu nakala yake, simpi pamoja nayo somo la wizi.

Nitapita haraka juu ya programu nyingine. Notepad, ambayo imo katika Windows tangu toleo la kwanza la mwaka 1985, ndiyo niliyoipenda kwa umaskini wake. Haikuwa na wino mzito wala rangi wala ushauri. Uliandika, ikahifadhi ulichoandika. Majina ya ukoo wetu niliyaweka humo, kwa kuwa faili la maandishi matupu litafunguliwa na kompyuta yoyote, hata ya miaka hamsini ijayo. Siku hizi nayo imeanza kupambwa, imepewa kisahihisho cha tahajia na mengineyo, na naiona kama kijana wa shamba aliyerudi kutoka mjini na miwani ya jua. Ndugu yake WordPad, aliyekuja na Windows 95, aliondolewa kabisa katika toleo la Windows 11 la mwaka 2024. Hakuaga.

VLC, yenye alama ya koni ya barabarani, ilianza kama kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi cha Paris mwaka 1996, na tangu 2001 imekuwa huria. Watu huniletea video za harusi na za mazishi kwenye flashi za kila namna, zilizorekodiwa kwa simu za kila namna, na programu hii huzifungua bila kuuliza maswali. Ningependa walinzi wa milango ya ofisi zetu wajifunze kwake. Mchezo wa karata wa Solitaire nitautaja kwa kifupi tu: uliingizwa katika Windows mwaka 1990, na tangu hapo umekula saa nyingi za kazi kuliko mvua za masika.

Sasa nifike kwenye programu ya majedwali, ambayo wataalamu huiita lahajedwali. Katika programu zote hii ndiyo ninayoiona kuwa uvumbuzi hasa, kwani barua tulikuwa tukiziandika tangu zamani, lakini karatasi inayojipigia hesabu hatukuwa nayo. VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston ilitoka mwaka 1979, Lotus 1-2-3 ikafuata mwaka 1983, kisha Excel mwaka 1985. Wazo ni lilelile. Unapanga tarakimu katika safu, unaiambia chumba cha mwisho kijumlishe, na ukibadilisha tarakimu moja jumla inajibadilisha. Aliyewahi kujumlisha alama za wanachuo 118 wa masomo saba kwa mkono, akafika mwisho na kugundua kuwa somo la tatu lilikosewa, ataelewa kwa nini siku ya kwanza nilipoiona nilisimama.

Lakini programu hii ina tabia mbili za kuogopwa. Ya kwanza ni kwamba haitofautishi namba na jina lenye sura ya namba. Namba ya mtahiniwa 0012 ukiiandika hivihivi huwa 12, na namba ya simu hupoteza sifuri yake ya mwanzo, mpaka uiambie kwamba safu hiyo ni maandishi. Ya pili ni ya kupanga. Unaweza kuiagiza ipange majina kwa alfabeti, nayo itayapanga kwa kufumba na kufumbua. Katika kupanga, hutazama jedwali linapoanzia na linapoishia. Ikikuta safu wima iliyo tupu kabisa, hudhani jedwali limeishia hapo. Vilivyo upande wa pili haivigusi.

Mwaka 2006 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Kompyuta tulizipata muda si mrefu kabla ya hapo, na aliyezijua kuliko sisi sote alikuwa katibu muhtasi wangu, mama mtulivu aliyetoka kwenye taipureta na kuiweza mashine mpya katika miezi miwili. Yeye ndiye aliyeingiza alama za mtihani wa muhula. Kanuni ya chuo ilikuwa kwamba mwenye wastani ulio chini ya 40 haendi mazoezi ya kufundisha mpaka arudie. Jioni moja, yeye akiwa amekwisha kwenda nyumbani, nilifungua jedwali lile nilitengeneze kabla ya kubandikwa. Niliona majina na alama vimebanana. Nikaingiza safu moja tupu kati ya majina na alama ili macho yapumzike. Kisha nikaona majina yamepangwa kwa namba za usajili, nikataka yapangwe kwa alfabeti. Nikaagiza. Yakapangwa. Nikahifadhi, nikachapisha, nikafunga, na asubuhi orodha ikabandikwa ukutani.

Majina yalikuwa yamehama. Alama zilibaki pale pale. Kila mwanachuo alikuwa amepewa alama za mwingine.

Unaweza kuuliza kwa nini hawakupiga kelele wote. Wengi walipata alama zilizokaribiana na zao, na waliopanda hawakuona sababu ya kuja ofisini. Walioshuka walikuja wachache, nami niliwarudisha. Binti mmoja sitamsahau. Alisimama mlangoni, akasema, "Shikamoo Mkuu. Naomba uniangalizie. Karatasi ya Hisabati nilirudishiwa mkononi, ina 81. Ukutani nina 34." Nikamjibu, "Marahaba. Kompyuta haina upendeleo wala haina chuki. Kasome tena karatasi yako." Maneno hayo yalinipendeza. Niliyarudia kwa walimu wakati wa chai. Jioni ile yule binti alifunga sanduku lake akapanda basi la kwao, kwa kuwa hakuwa na ada ya kurudia muhula.

Siku ya tatu mkufunzi wa Hisabati aliniletea daftari lake la alama, lililoandikwa kwa wino, akaliweka mezani bila kusema neno. Nikalinganisha. Usiku ule nilibaki ofisini peke yangu, nikatengeneza nakala ya jedwali lililokuwa halijaguswa, ambalo katibu muhtasi alikuwa amelitunza kwenye diski yake. Nikaingiza safu tupu kama nilivyofanya. Nikaagiza kupanga. Nikayaona majina yakiruka na alama zikitulia.

Kuna amri ambayo katika tafsiri za Kiswahili huitwa tendua. Nalipenda neno hili kuliko yote yaliyoletwa na kompyuta, kwa sababu halikukopwa. Limeundwa na sarufi yetu wenyewe: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, tenda na tendua. Usiku ule nilibonyeza tendua, majina yakarudi. Nikapanga tena, yakaondoka. Nikatendua, yakarudi. Nilifanya hivyo mara nyingi, kama mtu asiyetaka kuamini. Lakini tendua hufanya kazi kabla hujafunga jedwali. Lililokwisha kufungwa, kuchapishwa na kubandikwa ukutani halina kitufe.

Asubuhi nikaita baraza la chuo chote. Nilishusha orodha, nikabandika iliyo sahihi, nikamtuma mlinzi kwa basi na barua ya kumwita yule binti. Hayo niliyafanya haraka, na ninashukuru. Kisha nikawaeleza sababu. Nilisema maneno mawili: "Kompyuta ilikosea."

Chuoni pale aliyejulikana kuwa mtu wa kompyuta alikuwa mmoja. Sikumtaja, wala sikuwa na haja ya kumtaja. Wiki zilizofuata walimu walikuwa wakimletea karatasi zao na kusimama nyuma ya kiti chake mpaka amalize. Mmoja alimwambia mbele ya wengine kwamba alama si mchicha wa kuchanganya. Mwisho wa mwezi ule alirudi kwenye taipureta, na kazi ya kompyuta akapewa kijana aliyekuwa hajui nusu ya aliyoyajua yeye. Alistaafu akiwa kwenye taipureta. Mimi nikastaafu mwaka 2011 nikiwa na zawadi ya saa ya ukutani na sifa ya kuwa mkuu aliyeleta kompyuta chuoni.

Kwa hiyo nikirudi kwenye vigezo vyangu, nitasema hivi. Programu ya majedwali ninaipa alama za juu kwa kazi, za wastani kwa kuonyesha ilichofanya, na kwa kigezo cha tatu haina kosa hata moja. Ilifanya nilichoiagiza, nayo ingefanya vilevile kwa mtu yeyote. Kwa wale watakaotaka faida ya vitendo: msiache safu tupu ndani ya jedwali. Tengenezeni nakala kabla ya kupanga. Andikeni namba za watahiniwa kama maandishi. Na lile daftari la wino msilitupe hata mkipewa mashine ya namna gani, kwa kuwa ndilo lililomrudisha yule binti. Alikwenda mazoezi pamoja na wenzake, na hadi sasa anafundisha Hisabati.

Kabla ya kupeleka kurasa hizi kwa mpigachapa nilikwenda nyumbani kwa aliyekuwa katibu muhtasi wangu nikampa azisome. Alivaa miwani, akasoma polepole, kalamu mkononi kama zamani. Alipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mkuu, mimi nilijua tangu siku ile. Diski uliyoitumia usiku ilikuwa yangu, na uliirudisha ikiwa na majedwali mawili."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Ningemwambia nani?"

Nilimwomba radhi, akapokea, tukanywa chai. Nilipokuwa ninaaga alinirudishia karatasi na kuniambia kuna mahali pamoja pa kusahihisha. Katika nakala ile ya kwanza nilikuwa nimeandika kwamba aliomba mwenyewe kurudi kwenye taipureta, na kwa miaka yote hii hivyo ndivyo nilivyokuwa nikikumbuka. Alikuwa ameupiga sentensi hiyo mstari, na pembeni, kwa mwandiko wake mzuri, ameandika: "Sikuomba. Uliniandikia barua."

Nilirudi nyumbani nikatafuta katika makabrasha yangu. Nakala ya barua ipo, imepigwa taipureta, ina sahihi yangu.